Maji ya Mji Yasilindwe kwa Kalamu Peke Yake

Wako wakuu wa mashirika ya maji ambao, wakisikia habari za mitambo inayojichukulia sampuli na kujifunga yenyewe, hudhani kwamba hiyo ni anasa ya mataifa yenye fedha za kuchezea. Sisi hatukubaliani nao. Ushahidi wetu tunautoa katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario, nchini Kanada, ambao wakati wa mkasa wake ulikuwa na wakazi wapatao 4,800.

Mwezi Mei mwaka 2000 mvua kubwa zilinyesha huko kwa siku kadhaa mfululizo. Zikasomba vijidudu kutoka katika samadi ya ng'ombe na kuviingiza katika Kisima Namba 5, ambacho hakikuwa na kina kirefu. Kutoka hapo vikaenea katika mabomba ya mji mzima. Watu 7 walifariki dunia, na wengine zaidi ya 2,300 wakaugua. Mwenye ng'ombe hakuonekana kuwa na kosa lolote. Alikuwa ametunza samadi yake kama inavyotakiwa.

Klorini ilikuwapo, lakini ilikuwa haba, na uchafu ulipozidi ikamalizwa yote. Kanuni ilitaka kila lita ya maji ibakiwe na klorini miligramu 0.5 baada ya dakika 15. Kwa ajili hiyo mtumishi alipaswa kila siku kuteka maji kidogo, kuyapima na kuandika alichokiona. Daftari liliandikwa, tena kwa utaratibu mzuri. Ila tarakimu zilizomo karibu siku zote zilikuwa 0.5 au 0.75, na mara nyingi hakuna kilichokuwa kimepimwa. Tarakimu zisizobadilika mwaka nenda mwaka rudi zingetosha kumshtua karani yeyote wa hesabu, lakini hazikumshtua mtu. Hata chupa za sampuli zilizopelekwa maabara zilibandikwa majina ya mahali ambapo maji yale hayakutekwa. Tarehe 17 Mei maabara ililiarifu shirika la maji kwamba kuna vijidudu. Shirika likanyamaza. Wananchi waliambiwa wachemshe maji tarehe 21 Mei, na waliowaambia walikuwa maofisa wa afya, siyo shirika.

Jaji Dennis O'Connor, aliyeongoza uchunguzi na kutoa taarifa yake mwaka 2002, alisema waziwazi kwamba lau kisima kile kingefungiwa vifaa vya kupima klorini na uchafu wa maji bila kukoma, maafa yale yangezuiwa.

Yafaa tueleze vifaa hivyo hufanyaje kazi, kwa kuwa hakuna uchawi ndani yake. Bomba jembamba hutolewa ubavuni mwa bomba kuu, na maji kidogo hupita humo usiku na mchana. Hukutana kwanza na chujio, kisha na kipunguza nguvu ya maji, kisha na kihisio kinachopima klorini. Kihisio humweleza kidhibiti, na kidhibiti hulinganisha alichoelezwa na kiwango kilichowekwa. Klorini ikipungua, huamuru pampu ya dawa iongeze. Ikipungua zaidi, king'ora hulia, vali hufungwa, na pampu ya kisima husimama. Yote hayo hutendeka hata saa nane za usiku, wakati mlinzi amesinzia.

Hata hivyo hatupendi msomaji afikiri kwamba mtambo ukinunuliwa basi kazi imekwisha. Kihisio hukiona kile tu kinacholetwa mbele yake. Chujio likiziba, maji yaliyosimama ndani ya bomba jembamba yatapimwa tena na tena, na kidhibiti hakitapata habari za kweli za maji ambayo mji unakunywa. Bomba la sampuli likiwa refu mno, zinazofika ni habari za kale. Huko Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, mnara wa kiwanda cha kusafishia mafuta ulijazwa hadi zaidi ya mita 45, huku kipimo kikionyesha chini ya mita 3 na kuzidi kushuka. Kipimo hicho hakikuwa kimerekebishwa ipasavyo, na king'ora cha pili hakikulia. Mafuta yalifurika, yakalipuka, na watu 15 wakapoteza maisha.

Kwa sababu hiyo mafundi wa vipimo vya viwandani, wakikutana katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, wamekuwa wakihimiza mifumo ya sampuli ambayo kidhibiti hakiangalii dawa tu, bali hujichunguza chenyewe pia: maji yanapita kweli? Nguvu yake ni ile ile? Vali iliyoamriwa ifunge, imefunga? Maswali hayo ndiyo tungependa wanunuzi wetu wawaulize wenye kuuza mitambo, kabla ya kuuliza bei.

Mwanza, Kisumu na Kampala huteka maji katika Ziwa Victoria, na masika yanapoanza mito hushusha tope humo. Kipindupindu si mgeni katika ukanda huu. Kwa hiyo hatuna budi kusema kwamba zabuni ya mtambo wa maji isiyotaja vipuri vya miaka mitano, maji ya majaribio ya kurekebishia vihisio, na mafunzo ya mafundi wetu wenyewe, ni zabuni ya kununua mapambo ya ukutani. Fundi hafukuzwi na kidhibiti. Anaachiwa kazi iliyo bora zaidi, ya kuhakikisha kwamba kidhibiti hakidanganywi.

Liko jambo moja linalotutia wasiwasi kuliko mengine. Mtambo unaojifunga utaukatia mji maji siku moja, pengine siku ya sikukuu, na simu za wakubwa zitalia. Jibu rahisi litakuwa kuzungusha swichi ili maji yatoke tu, kidhibiti kitake kisitake. Tunataka ufunguo wa swichi hiyo usikae mfukoni mwa mtu mmoja. Kila inapozungushwa, saa na jina la aliyeizungusha viandikwe na mtambo wenyewe, na nakala imfikie Bwana Afya siku hiyo hiyo, pamoja na vipimo vyote vya klorini, bila kupitia kwanza mezani kwa mkuu wa shirika.