GIA HAITAKI UBAVU

Haya nitakayoyasema huenda yakawaudhi baadhi ya wenzangu, hasa wale wanaopenda kiti cha mbele kando ya dereva, kisha wakifika shuleni wanatuhadithia jinsi jamaa alivyopiga gia. Wacha yawaudhi. Rai yangu ni kwamba mkono mfupi wa gia haumfanyi mtu kuwa dereva, na ule mlio wa krrr unaousikia matatu ikitoka stegi ya Olympic si wa kushangiliwa. Ni meno yanayoliwa.

Huku kwetu Kibera, kuanzia Kisumu Ndogo hadi Makina, na vilevile Kawangware, dereva husifiwa kwa mkono. Anayeingiza gia ya pili kabla makanga hajamaliza kupiga mabati huitwa mkali. Anayengoja kidogo huambiwa ati bado yuko shule ya udereva. Sasa kuna wanaoufupisha mkono wenyewe. Nilimwona kijana mmoja katika gereji ya jua kali kule Kawangware akimwomba fundi aukate kwa msumeno na kuchomelea kirungu upya, ili kiganja chake kisisafiri mbali. Fundi alimtazama, akacheka, akachukua msumeno. Pesa ni pesa. Wenye uwezo zaidi hununua mkono uliotengenezwa hivyo kiwandani, ambao egemeo lake limepandishwa juu. Yote ni mamoja: kiganja kinatembea kidogo, gia inaingia. Au ndivyo wanavyodhani.

Hebu tufungue daftari la fizikia, mada ya wenzo, ile tunayoikariri usiku wa kuamkia mtihani. Mkono wa gia ni wenzo. Tuseme una sentimita 30 juu ya egemeo na sentimita 5 chini yake. Ukitaka ncha ya chini isogee sentimita 2, kiganja chako kitasogea sentimita 12. Ukiukata ukabaki na sentimita 20 juu, kiganja kitasogea sentimita 8 tu. Raha, sivyo? Lakini ngoja. Hapo mwanzo nguvu yako ilizidishwa mara 6, sasa inazidishwa mara 4. Kazi ile ile inadai nguvu zaidi kwa nusu nzima. Ulichopata kwa umbali umekilipa kwa ubavu, na mwalimu wetu wa fizikia atanishuhudia.

Hata hivyo nguvu si tatizo kubwa. Vijana wa mkokoteni wanazo tele. Tatizo ni muda.

Ndani ya giaboksi ya gari la kawaida kuna pete za shaba ambazo mafundi huziita sinkro. Kazi yake ni kusawazisha mizunguko. Gari likiwa katika gia ya kwanza injini inavuma na vyuma vya ndani vinazunguka mbio. Ukikanyaga klachi na kuitafuta ya pili, vyuma hivyo lazima vipunguze mwendo kwanza ndipo meno yakutane bila kugongana. Pete hujisugua kwenye gia, ikaituliza kama breki ndogo, kisha ikaruhusu meno yaingiane. Ni muda mfupi mno, sawa na kupepesa jicho, lakini ni muda. Kabla kampuni ya Cadillac ya Marekani haijaleta mtambo huu mwaka 1928, madereva walifanya kazi hiyo kwa miguu yao wenyewe: klachi, fri, klachi tena, ndipo gia. Leo pete inatufanyia kila kitu, nasi hatuna subira ya kuingoja.

Sasa tazama. Mkono mrefu ulimchelewesha dereva mwenye pupa bila yeye kujua, ukaipa pete nafasi. Mkono mfupi umeiondoa nafasi hiyo. Kiganja kimeshafika, pete haijamaliza, jamaa anasukuma kwa nguvu zake zote, na abiria wanasikia krrr. Ukirudia hivyo kila stegi kuanzia alfajiri hadi usiku, pete inalika. Ikishalika, hata dereva mpole kabisa akilishika gari hilo litalia tu, na lawama atabeba yeye.

Lakini nisije nikawaonea watu. Si kila mlio ni kosa la dereva. Mwezi wa Julai, saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Nairobi huifanya oili ya giaboksi kuwa nzito kama uji, na gia ya pili hukataa hata mbele ya fundi mwenyewe. Gari la namna hiyo linataka kilomita moja mbili za upole, basi. Tena kuna gari ambalo klachi yake haiachii vizuri. Hilo utalijua kwa rivasi: gari limesimama, klachi imekanyagwa hadi chini, umehesabu moja mbili tatu, na bado rivasi inakwaruza. Hapo unaweza kuukata mkono wa gia ukabaki kama kidole na hutaponya kitu. Ugonjwa uko mguuni, wewe unatibu mkono? Na wale wanaopumzisha kiganja juu ya gia safari nzima, kana kwamba ni fimbo ya mzee, nao wajue kwamba uzito huo unasukuma vyuma vya ndani ambavyo havikuomba kusukumwa.

Wapo watakaonijibu kwa Safari Rally. Tangu mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, na magari yakatimua vumbi kule Naivasha, kila kijana mwenye usukani ni bingwa. Sawa. Lakini giaboksi za magari yale hazina pete hizi za shaba. Zimeundwa makusudi meno yakutane kwa kishindo, na nyuma yake kuna kundi la mafundi wanaongoja kuzifungua. Matatu ya Kibera ina nini nyuma yake? Ina makanga na gunia la sukuma wiki.

Jambo linaloniuma hasa ni mlima. Chukua gari la namba 46 likielekea Kawangware jioni, limejaa pomoni, linapanda Valley Road. Gia ya tatu inachoka. Dereva anairukia ya pili kwa haraka, inakataa. Anasukuma tena, inakataa. Wakati huo wote gari liko fri, halivutwi na kitu, na mlima haungoji mtu. Linasimama, halafu linaanza kurudi nyuma, na nyuma kuna basi. Nimewahi kuwa ndani ya gari moja lililorudi nyuma hivyo. Breki zilishika, tukamshukuru Mungu. Mama aliyekuwa na trei ya mayai mapajani alikuwa na maneno mengine kabisa.

Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zile ambazo watu huziita za Michuki, zilituletea mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Ni jambo jema. Lakini kidhibiti mkono hakikuletwa, wala sidhani kitaletwa, maana mkono wa dereva unaharakishwa na vitu viwili ambavyo polisi hawezi kuvikamata. Cha kwanza ni hesabu. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, iwe mvua iwe jua, na dereva anaona kila nukta ya kungoja gia kama shilingi inayoanguka barabarani. Huyo mwenye gari ningependa aketi chini apige hesabu nyingine: giaboksi ikifunguliwa, gari linalala gereji siku ngapi? Siku hizo nani atamletea pesa? Atakuta amempiga dereva wake mbio ili apate faida, na faida yote imeenda kwa fundi.

Cha pili ni kelele zetu wanafunzi. Hapa ndipo nitakapopoteza marafiki. Dereva wa miaka ishirini na kitu akisikia kiti cha nyuma kizima kikipiga kelele "weka! weka!", ataweka, hata kama pete haijawa tayari. Wenzangu, tukitaka kumsifu dereva tumsifu yule ambaye hatusikii gia yake. Wapo. Kuna mzee mmoja wa 46, mvi zimemjaa, mkono wake wa gia ni mrefu kama ulivyotoka kiwandani. Akikaribia Valley Road hushuka hadi gia ya pili mapema, kabla gari halijaanza kulalamika. Hukanyaga klachi, hungoja kidogo, huusukuma mkono kwa vidole tu. Abiria waliolala hawaamki hadi Hurlingham.