Prosesa Ikipunguza Mwendo: Tuipime Kwanza Kabla ya Kuihukumu

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yanayotufikia kuhusu kompyuta za nyumbani, lipo moja linalorudi mara kwa mara kwa sura mbalimbali. Wiki hii tumeona tulijibu kwa urefu, kwa kuwa linagusa mfuko wa familia.

Mama mmoja, mshonaji, alipata zamu yake ya upatu akanunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini. Humo huweka hesabu za wateja wake, na jioni wanawe huitumia kwa masomo. Maelezo ya kompyuta hiyo yasema prosesa yake ni Intel Core 2 Duo E8400, yenye mwendo wa gigahezi 3.0. Lakini kila akitazama, tarakimu anayoiona ni gigahezi 2.0. Fundi wa kwanza alimwambia kuwa prosesa imechoka, inunuliwe nyingine. Fundi wa pili alimshauri aiuze kwa bei ya chakavu. Anatuuliza amfuate yupi.

Jibu letu ni kuwa asimfuate hata mmoja mpaka kompyuta ipimwe ikiwa kazini. Tarakimu ile ikisomwa peke yake si dalili ya maradhi yoyote.

Kwa nini mwendo hushuka

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, na gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. E8400, iliyoingia sokoni mwaka 2008, hupokea mapigo ya msingi yapatayo milioni 333 kwa sekunde, kisha huyazidisha mara 9. Ndipo tunapopata bilioni 3, yaani gigahezi 3.0. Kazi inapokuwa haba, prosesa hii hushusha kizidishi chake kutoka 9 hadi 6, na milioni 333 mara 6 ni bilioni 2. Hizo ndizo gigahezi 2.0 alizoziona mama yetu. Aliitazama prosesa yake ikiwa imepumzika, inangoja kazi.

Utaratibu huu Intel waliuita SpeedStep, na ulianza kwenye kompyuta za mkononi mwaka 2000 ili betri zidumu. Washindani wao, AMD, waliuleta wa kwao ulioitwa Cool'n'Quiet katika prosesa za mezani za Athlon 64, mwaka 2003. Makusudio ni kupunguza umeme unaotumika na joto linalozalishwa. Nguvu inayoliwa na mapigo hufuata wingi wa mapigo hayo, na hufuata pia volti iliyozidishwa kwa volti hiyo hiyo. Kwa hiyo mapigo yakishuka hadi theluthi mbili, na volti ikapungua kwa sehemu moja tu katika kumi, nguvu inayoliwa na mapigo hubaki asilimia 54 hivi. Feni nayo hupata nafasi ya kuzunguka polepole.

Namna ya kupima

Katika Windows 10, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Katika dirisha litakalofunguka, chagua "Performance", kisha "CPU". Kwenye neno "Speed" utausoma mwendo wa prosesa kwa wakati ule. Funga programu nyingine zote, ngoja dakika mbili, uandike tarakimu unayoiona.

Baada ya hapo ipe kompyuta kazi nzito. Chukua folda kubwa ya video na picha uibane iwe faili moja la zip, au geuza video ndefu kutoka muundo mmoja kwenda mwingine. Iache ifanye kazi kwa dakika kumi na zaidi, huku ukiitazama tarakimu ile ile. Matokeo yatakuwa moja kati ya matatu.

Tokeo la kwanza: mwendo wapanda hadi kiwango chake na kubaki hapo

Ukiona hivyo, prosesa ni nzima na mpango wa kupumzika unafanya kazi yake. Kama kompyuta bado ni nzito, tafuta sababu kwingine. Tazama katika dirisha lile lile kama kumbukumbu imejaa, au kama diski yasoma asilimia 100 muda mwingi. Kompyuta nyingi za umri huu zingali na diski ya kuzunguka, na kuiondoa ukaweka diski ya SSD huleta nafuu ambayo prosesa mpya ya aina ile ile haiwezi kuileta.

Tokeo la pili: mwendo haupandi kabisa

Hapa mara nyingi tatizo ni la mipangilio, na kuirekebisha hakugharimu fedha. Katika Windows, fungua "Control Panel", kisha "Power Options". Mpango uliochaguliwa ukiwa ni "Power saver", chagua "Balanced". Halafu fuata "Change plan settings" na "Change advanced power settings", utafute "Processor power management". Ndani yake mna "Maximum processor state". Hapo pasomeke asilimia 100. Aliyeitumia kompyuta kabla yako huenda alipunguza kiwango hiki ili kuzuia joto, akakiacha hivyo. Kile cha chini kabisa, "Minimum processor state", kiache kilivyo.

Wanaotumia Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, watapata habari hiyo kwa kuandika amri hii:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor

Kompyuta itajibu kwa neno moja. "Performance" maana yake ni kubaki juu. "Ondemand" na "schedutil" ni kupanda na kushuka kwa kadiri ya kazi. "Powersave", kwa prosesa za umri wa E8400, ni kubaki chini wakati wote, na hilo laweza kuwa ndilo jibu unalolitafuta. Angalizo moja: katika prosesa nyingi za Intel za kuanzia mwaka 2011, zinazoongozwa na programu iitwayo intel_pstate, neno hilo hilo "powersave" huruhusu mwendo kupanda kazi inapozidi, lisikutie hofu. Folda hiyo hiyo yaweza kuwa na faili liitwalo bios_limit. Likionyesha kiwango kilicho chini ya kile cha prosesa, basi kizuizi kimewekwa na BIOS, ile programu ya awali iliyohifadhiwa kwenye ubao mama.

Ikifikia hapo, ingia katika BIOS wakati wa kuwasha, upitie sehemu ya prosesa na ya umeme. Tazama pia saa na tarehe. Kompyuta inayosahau tarehe kila inapochomolewa kwenye umeme huenda betri yake ndogo ya mviringo, mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, imekwisha. Betri hiyo ikifa, mipangilio ya BIOS hurudi ilivyotoka kiwandani. Katika ubao mama nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000, jambo hilo lilishusha mapigo ya msingi. Athlon XP 2500+, kwa mfano, huzidisha mara 11. Mapigo ya msingi yakirudi milioni 100 badala ya 166, prosesa iliyostahili megahezi 1,833 husomeka 1,100. Wapo waliobadilisha prosesa nzima kwa kasoro ambayo dawa yake ni betri.

Tokeo la tatu: mwendo wapanda, kisha washuka kazi ikiendelea

Hapa mshukiwa wa kwanza ni joto. Prosesa ina kipimo cha joto ndani yake; ikikaribia mpaka wake, ambao kwa E8400 ni nyuzi 100 hivi za Selsiasi, hujipunguzia mwendo ili isiungue. Ikiuvuka, hujizima. Programu kama Core Temp, au amri ya "sensors" katika Linux, itakuonyesha nyuzi hizo. Inafaa kuzitazama hata kama tarakimu ya mwendo haishuki, kwa sababu baadhi ya prosesa za zamani hupunguza kazi kwa kuruka mapigo, na programu nyingine hazioni mruko huo.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wake. Juu ya prosesa utaona feni, na chini ya feni kipande cha alumini chenye mapezi. Vumbi likijaa baina ya mapezi hayo, hewa haipiti. Lipanguse kwa brashi laini, huku umeishika feni isizunguke. Kisha tazama pini nne za plastiki zinazokikandamiza kipande hicho kwenye ubao mama. Katika kompyuta za Intel za kizazi kile, pini moja ikichomoka, upande mmoja huinuka na joto hukosa njia. Mwisho ni ile dawa nzito ya kupitishia joto iliyopakwa kati ya prosesa na alumini. Baada ya miaka mingi hukauka. Hufutwa kwa spiriti, kikapakwa kiasi cha punje moja ya choroko. Kama mkono wako si mzoefu, kazi hii mwachie fundi. Na lile sanduku la kugawa umeme lililo ndani ya kompyuta lisifunguliwe nyumbani kamwe, maana hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Tahadhari juu ya tiba ya tarakimu

Ipo njia nyepesi ya kumridhisha mteja: kuingia katika BIOS na kuizima SpeedStep. Tarakimu itasomeka 3.0 mchana kutwa, mteja atalipa na kushukuru, na hakuna kitakachokuwa kimetengenezwa. Kompyuta iliyokuwa ikipumzika sasa haitapumzika, feni italia zaidi, na kama maradhi yalikuwa ni vumbi, joto litazidi. Anayeizima kwa muda ili kupima hatumlaumu. Kuiacha imezimwa na kuita hiyo matengenezo, hilo hatulikubali.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha mwombe fundi akuandikie mambo matatu kwenye karatasi: mwendo wa prosesa ikiwa imetulia, mwendo wake baada ya dakika kumi za kazi nzito, na nyuzi za joto katika hali zote mbili. Fundi anayeijua kazi yake hataona tabu kuyaandika, na akishauri prosesa mpya baada ya hapo, ushauri wake utakuwa na msingi. Asiyetaka kupima, rudi nyumbani na kompyuta yako.

Wiki ijayo, panapo majaaliwa, tutaitazama diski: namna ya kuitambua inayokaribia kufa, na namna ya kuziokoa kumbukumbu za familia kabla haijafa.