Istilahi Mbele ya Kaunta: Uteuzi wa Vipuri vya Tarakilishi ya Michezo

Mjadala kuhusu jina la chombo hiki ni wa miaka mingi. Shule za Kenya zimelea vizazi kwa neno tarakilishi, ng'ambo ya mpaka Watanzania wameridhika na kompyuta, na wapo waliopendekeza ngamizi, neno ambalo halijatoka sana nje ya vitabu. Hoja za pande zote zinastahili heshima. Hata hivyo, wataalamu walipokuwa wakipigania jina la sanduku, vilivyomo ndani ya sanduku vilibaki bila wa kuvisemea. Hata juhudi za kupigiwa mfano, kama vile mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, zilishughulikia maneno yanayoonekana kwenye skrini. Vipuri vyenyewe havikuwa na mtetezi. Athari ya upungufu huo haionekani darasani. Huonekana mbele ya kaunta, pale mwanafunzi aliyejinyima mihula miwili anapofika Luthuli Avenue, Nairobi, akiwa na akiba yake mfukoni na nia ya kununua tarakilishi yake ya kwanza ya michezo.

Wapo watakaokunja uso kwa kutajwa michezo katika kurasa kama hizi. Wakumbuke kwamba mchezo ni miongoni mwa kazi nzito kabisa ambazo kijana wa kawaida huitwika mashine yake, na kwamba mashine iliyomudu mchezo haishindwi na tasnifu. Isitoshe, aghalabu ni mchezo, wala si tasnifu, unaomfanya kijana atake kujua kilichomo ndani ya sanduku.

Neno la kwanza linalompotosha mnunuzi ni kumbukumbu. Katika Kiswahili, kumbukumbu ni jambo la kudumu: kumbukumbu za mkutano huwekwa zisomwe mwakani, na nyaraka za kumbukumbu hutunzwa zisioze. Ilhali kipuri kinachoitwa kumbukumbu katika istilahi za teknolojia, yaani RAM, husahau kila kitu umeme unapokatika. Basi muuzaji akisema kwamba mashine ina kumbukumbu ya gigabaiti 500, mnunuzi hufurahi, kumbe alichotajiwa ni diski, na RAM yenyewe ni gigabaiti 4 tu. Mfano wa fundi cherehani ungemwokoa. Diski ni kabati la vitambaa. RAM ni meza ya kukatia. Kabati kubwa halimsaidii fundi ambaye meza yake haitoshi suruali moja. Kwa michezo mingi ya miaka hii, gigabaiti 16 ni meza ya kutosha na 8 ni ya kubana viwiko. Ni kweli kwamba mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda mno, viwanda vilipoelekeza uzalishaji wao kwenye mitambo ya akili unde, na kishawishi cha kupunguza hapa kikazidi. Diski nayo heri iwe SSD, isiyo na sahani inayozunguka. Haiongezi ulaini wa picha za mchezo, lakini humwondolea mchezaji dakika za kungojea.

Neno la pili lina madhara makubwa zaidi: kadi ya michoro. Anayelisikia hudhani ni kifaa cha wasanifu wa majengo au wachoraji wa katuni, pambo ambalo mwenye bajeti finyu anaweza kuliacha. Kumbe kwa tarakilishi ya michezo hiki ndicho kipuri cha kupewa fungu kubwa kuliko vyote. Skrini ya kawaida ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ili mchezo uonekane laini, picha nzima huchorwa upya mara 60 kila sekunde, yaani zaidi ya nukta milioni 124 kwa sekunde, kila moja na rangi yake, mwanga wake na kivuli chake. Kichakataji, hata kiwe hodari vipi, ni mafundi wachache wenye akili nyingi. Kadi hii ni halaiki ya vibarua wanaopaka rangi kwa pamoja. Wanafunzi wa fasihi wanalo neno ambalo lingefaa zaidi, nalo ni taswira. Kadi ya taswira ingemwambia mnunuzi kwamba kila anachokiona mchezoni kinatoka humo, na pengine angeacha kumaliza fedha zake kwa kasha la kioo lenye feni za taa za rangi saba. Taa hizo hazijawahi kuongeza hata picha moja kwa sekunde.

Asiye na uwezo wa kununua kadi hana budi kutafuta kichakataji kilichobeba uwezo wa taswira ndani yake, na hapa elimu ya mofolojia inapata kazi isiyotarajiwa. Majina ya vichakataji yana mizizi na viambishi. Ryzen 5 5600 na Ryzen 5 5600G hutofautiana kwa kiambishi tamati kimoja, lakini cha kwanza hakina taswira kabisa, ilhali cha pili, kilichotoka mwaka 2021, kinayo ya kutosha kuendesha michezo myepesi kama Valorant. Kwa upande wa Intel, kiambishi F hukanusha: Core i5-12400F isipounganishwa na kadi, skrini hubaki giza totoro, na si ajabu mnunuzi akarudi dukani akidai kwamba ameuziwa mashine mbovu. Tena anayetegemea 5600G anunue RAM vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16. Taswira ya aina hii huazima meza ya kichakataji, na vipande viwili hufungua njia mbili za kupitishia data. Ujumla ni uleule, matokeo mchezoni ni tofauti kabisa.

Wanafunzi wengi, hata hivyo, hawaanzi na vipuri vipya. Huanza na mitumba: mashine za ofisini kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, zilizotumika ughaibuni kabla ya kufika Nairobi. Si uamuzi mbaya, mradi mnunuzi aje na rula. Kasha jembamba hukubali kadi za kimo kifupi pekee. Aghalabu kigeuza umeme chake hakina nyaya za kulisha kadi, hivyo kadi hutegemea wati 75 zinazopitia kwenye tundu la ubao mama. GTX 1650 ya mwaka 2019 imo ndani ya mpaka huo na ina matoleo ya kimo kifupi. RX 6400 ya mwaka 2022 hutumia wati 53 tu, ila hupitia njia nne badala ya kumi na sita, kwa hiyo ndani ya mashine ya zamani hupoteza sehemu ya kasi yake. Kisha kuna suala la kizazi. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haivikubali rasmi vichakataji vingi vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane. Katika nambari za tarakimu nne, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi: i5-6500 ni ya sita, i5-8500 ni ya nane. Mashine inayouzwa kwa bei ya kutupa huenda ina sababu iliyoandikwa wazi katika jina lake.

Kigeuza umeme nacho, ambacho mafundi hukiita pawa, lugha imekinyamazia. Ukisema ugavi wa umeme, msikilizaji hufikiria nguzo na mita. Hiki ndicho hupokea volti 240 za ukutani na kuzishusha hadi 12, 5 na 3.3, na kikiwa duni kinaweza kufa pamoja na vipuri vinavyokitegemea. Nembo ya 80 PLUS hueleza kiasi cha umeme kisichopotea kama joto. Haimhakikishii mtu usalama wowote.

Pingamizi linafahamika: lebo zote zimeandikwa kwa Kiingereza, basi kwa nini Kiswahili kijisumbue? Lebo ni za Kiingereza, naam, lakini kwenye kaunta ile watu hupatana, hushawishiana na hudanganyana kwa Kiswahili na kwa Sheng. Majina ya bidhaa hayahitaji tafsiri. Kinachohitajika ni maelezo ya kazi ya kila kipuri, na maelezo hayo hayatapatikana kwa tafsiri sisisi. Waingereza husema shingo ya chupa pale kipuri kimoja dhaifu kinapovikwamisha vingine. Mswahili aliyewahi kusikia habari za misafara anajua kwamba msafara hufuata mwendo wa mbebaji aliyechoka, na kwa mfano huo angeelewa papo hapo kwa nini kadi ya bei kubwa hupotea bure kando ya kichakataji kikongwe.

Vyama vya Kiswahili vinavyoandaa makongamano kuhusu istilahi vingeweza kumwalika fundi mmoja wa Luthuli Avenue, afungue sanduku juu ya meza, kisha kila mwasilishaji atakiwe kumweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mwenye shilingi 50,000 na asiye na nyingine, kipuri kimoja tu: kinafanya nini, na akikosee kwa kiasi gani kabla hajajuta.