Sarafu za Kilwa Ziachwe Udongoni

Mtu aokotapo kipande cha shaba kilicholiwa na kutu katika mchanga wa Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, jambo la kwanza aulizalo ni bei yake. Simlaumu mwenye shida; lakini biashara hiyo ndogo inatupotezea ushahidi usioweza kupatikana tena.

Masultani wa Kilwa walianza kutoa sarafu zao wenyewe yapata karne ya 11. Upande mmoja yaliandikwa, kwa Kiarabu, maneno ya kumtumaini Mola. Upande wa pili jina la mtawala. Na pande hizo mbili zikapatana kwa vina mithili ya ubeti. (Watu wa pwani na vina, hata kwenye fedha!) Al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, alitoa na za dhahabu, lakini zilizopatikana ni chache mno. Za shaba zimepatikana kwa maelfu.

Wageni wa makumbusho huiulizia dhahabu. Kwa maoni yangu, shaba ndiyo yenye habari nyingi zaidi, maana ilipita mikononi mwa watu wa kawaida wa Kilwa, Mafia na visiwa vya jirani. Hata hivyo sarafu hizo hazina mwaka, na ziliendelea kutumika muda mrefu baada ya mtawala mwenye jina kufa. Jina peke yake, basi, halitoshi kutuambia ni lini sarafu ilidondoka. Hilo huelezwa na tabaka la udongo ilimolala, pamoja na vigae, shanga na mifupa iliyo kando yake.

Mfano upo. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa pwani ya visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na nne za Kiholanzi. Hazikuchimbwa kitaalamu, na hadi leo hakuna awezaye kuthibitisha zilifikaje huko.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya namna hii, lakini sheria haikeshi ufukweni. Wanaokesha huko ni wavuvi na watoto wao, nao ndio wapasao kufundishwa kwanza: aionaye sarafu asiing'oe, bali aweke alama mahali hapo, kisha amwite mlinzi wa magofu.