Bima ya dola 44 haiizuii boti kuzama

Wadau, tangu Oktoba 1, 2024 mgeni wa nje anayekwenda Zanzibar lazima akate bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Sina ugomvi nayo, akiugua anatibiwa. Ila bima inakuja baada ya ajali, na sisi wa boti tunataka kufika kwanza.

Mnakumbuka Septemba 10, 2011? MV Spice Islander I ilitoka Unguja usiku kwenda Pemba, ikazama huko Nungwi. Uwezo wake abiria 600 hivi. Tume ya uchunguzi ikaja kusema walipanda zaidi ya 2,000. Miili 203 ikapatikana, wengine zaidi ya 1,300 hawakuonekana tena. Mwaka haujaisha, Julai 18, 2012, MV Skagit iliyotoka Dar ikazama karibu na Chumbe, bahari imechafuka.

Watu walisema ni kazi ya Mungu. Sawa, lakini kuhesabu vichwa getini ni kazi ya nani? Na sisi abiria nasi tumo jamani, kesho kuna harusi basi tunasukumana tu, hata meli imeinama!

Mimi siku hizi nikipanda natafuta kwanza jaketi liko wapi na mlango uko wapi. Kusi likichachamaa naahirisha, nauli ikipotea ipotee. Habari za mbu na maji ya kunywa tutaongea siku nyingine.

Wadau wa Pemba, hebu niambieni: mkirudi nyumbani wakati wa Idi, kuna mtu anawahesabu pale getini?