Kama ni 42, Tupeni Majina 42

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Jamhuri ya Kenya

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu Kware. Wewe huhitaji kuelezwa ni wapi, lakini barua hii itasomwa pia na watu walio mbali na Nairobi, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kware ni kipande cha Mukuru kwa Njenga, Embakasi Kusini. Jina lenyewe linaeleza mahali: palikuwa timbo. Palichimbwa mawe ya kujengea, uchimbaji ukakoma, na shimo lililobaki likajaa maji na taka za mtaa. Tarehe 12 Julai 2024 vijana wa hapo waliingia kwenye uchafu ule wakaanza kuvuta magunia. Ndani mlikuwa na miili ya wanawake, mingine imekatwa vipande, imefungwa kwa nailoni na kamba. Kazi hiyo waliifanya raia, kwa mikono yao, huku akina mama wamesimama ukingoni wameziba pua kwa leso. Kituo cha polisi cha Kware kiko karibu mita 100 kutoka pale.

Siku tatu baadaye tuliambiwa mambo yamekwisha. Mwanamume wa miaka 33 alikuwa amekamatwa usiku wa kuamkia tarehe 15, katika klabu moja Kayole ambako watu walikuwa wameangalia fainali ya kombe la Ulaya. Inspekta Jenerali wa muda na mkuu wa upelelezi walikaa mbele ya vipaza sauti wakatangaza kwamba amekiri kuua wanawake 42 tangu mwaka 2022, na kwamba wa kwanza alikuwa mke wake. Tulielezwa kuwa waliopatikana walikuwa na umri wa kati ya miaka 18 na 30. Tulionyeshwa panga, glavu, mifuko ya nailoni, simu na vitambulisho vilivyotolewa katika chumba chake cha kupanga, hatua chache kutoka shimoni.

Jina la mtu huyo silitaji. Limeshatamkwa mara nyingi kuliko jina la yeyote kati ya waliokufa, na barua hii si yake.

Tarehe 20 Agosti, alfajiri, askari waliokwenda kuwapelekea mahabusu chai katika kituo cha Gigiri waligundua kwamba hayupo. Alikuwa ametoroka pamoja na raia 12 wa Eritrea. Hicho ni kituo kilicho jirani na makao ya Umoja wa Mataifa na ubalozi wa Marekani, mahali penye ulinzi ambao wakazi wa Mukuru hawajawahi kuuota. Maafisa wanane walisimamishwa kazi, baadhi wakafikishwa mahakamani, na zawadi ya fedha ikaahidiwa kwa atakayetoa habari. Mwaka mzima ulipita bila yeye kupatikana.

Watu wengi, Mheshimiwa, walifungua mjadala hapo na kuufunga hapohapo: nani alifungua mlango wa seli? Ni swali halali. Mimi nalitaka jibu lake kama kila mtu. Lakini naona limetumeza. Tumemzungumza mtoro mpaka tumesahau kwamba hata angekuwa bado Gigiri, amefungwa minyororo, maswali makubwa ya Kware yangekuwa palepale.

Nianze na lile ungamo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 25A, haimruhusu mpelelezi kumketisha mtu chumbani, kumsikiliza, kisha kuja kutuambia amekiri. Ungamo linalokubalika ni lile linalotolewa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi asiye mpelelezi wa kesi hiyo, wa cheo kisichopungua inspekta mkuu, na mtuhumiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Bunge liliiweka kinga hiyo kwa sababu nchi hii ilijua kwa uchungu jinsi maungamo yalivyokuwa yakipatikana. Siku moja baada ya tangazo, katika mahakama ya Makadara, wakili wa mshukiwa alidai kwamba mteja wake aliteswa ili akubali. Afisi yako ilikuwa na wajibu wa kujua ukweli wa dai hilo. Ungamo lile lilitolewa mbele ya nani? Afisa wa cheo gani? Nani alikuwa mtu wa tatu? Kujibu maswali hayo hakuharibu kesi yoyote. Kutoyajibu ndiko kunakoiharibu, kwa sababu kama ungamo halisimami mahakamani, basi hata ile hesabu ya 42 haina mguu wa kusimamia.

Na hesabu ile ndiyo inayoninyima usingizi.

Mtu akisema "wanawake 42" amesema kitu kizito, lakini hajamtaja mtu hata mmoja. Kila mmoja wao, kama kweli walikuwapo, alikuwa na mama au shangazi au rafiki wa chumba kimoja. Alikuwa na laini ya simu iliyozimika siku fulani saa fulani. Alikuwa na deni la kodi ya nyumba, na mwenye nyumba aliyetupa vyombo vyake nje baada ya mwezi. Pengine alikuwa na mtoto anayelelewa sasa na bibi yake Siaya au Kitui, na ambaye kila akiuliza anaambiwa mama yuko kazini. Upelelezi unaanzia hapo: laini zilizozimika, ripoti za waliopotea tangu 2022 katika vituo vyote vya Embakasi, miamala ya simu, vitambulisho vilivyookotwa chumbani. Polisi wenyewe walisema walimfikia mshukiwa kwa kufuatilia simu ya mmoja wa waliouawa. Kumbe njia ipo. Kama simu moja ilimfikisha mpelelezi kwenye klabu Kayole, zile nyingine zilimfikisha wapi? Vile vitambulisho ni vya nani? Kitambulisho kina jina, kina namba, kina alama ya kidole. Wenyewe walitafutwa? Walipatikana hai?

Makao makuu ya upelelezi, Barabara ya Kiambu, yana maabara ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2022 kwa sherehe kubwa. Familia zilipanga foleni katika mochari ya City kutoa sampuli za DNA. Nimefikiri sana kuhusu foleni ile. Mtu hutegemea foleni imalizike kwa kupata kitu: unga, mshahara, matibabu. Wale walipanga wakiomba wakose, na wakati huohuo wakiomba wapate, maana kukosa ni kurudi nyumbani bila kujua, na kupata ni kurudi na jeneza. Watu wa namna hiyo hawapaswi kupata habari zao redioni. Wanastahili barua yenye mhuri inayosema: tumepima, matokeo ni haya, mwili ni wa binti yenu au si wake.

Kisha kuna zile mita 100. Mamlaka ya IPOA, ambayo kazi yake ni kuwasimamia polisi, ilitangaza mapema kabisa kwamba itachunguza kama askari walihusika au walilala kazini, kwa sababu ya ukaribu wa kituo na shimo. Hilo lilitangazwa wakati nchi ilikuwa imejaa shaka. Ilikuwa Julai ya maandamano ya vijana, watu walikuwa wakitoweka, na uvumi ulioenea Mukuru siku zile haukuhitaji kuchochewa na mtu. Tunajua askari wa kituo kile walihamishwa. Uhamisho si jibu. Kuwahamisha askari ni kuwahamisha mashahidi. Nani alikuwa zamu? Kulikuwa na malalamiko ya harufu, ya magunia, ya wanawake waliopotea, yaliyowahi kuandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo kile kati ya 2022 na 2024? Kitabu hicho kipo. Ni cha karatasi, kina tarehe, na kinaweza kuletwa mezani kwako kesho asubuhi.

Nataka kusema jambo moja kuhusu kitabu hicho, maana ndicho mlango wa kwanza na ndipo wengi wanapopotelea mara ya pili. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza jirani yangu kwenye kituo fulani cha polisi, kwa kuwa bintiye alikuwa hajarudi tangu jana yake. Askari wa kaunta hakuwa mkali. Alimwita "mama" kwa upole. Alimwambia, "Mama, wasichana wa siku hizi unawajua. Labda yuko kwa rafiki yake. Ngoja saa 24 ziishe." Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mzazi kungoja saa 24. Binti yule alirudi, Mungu ni mwema. Lakini ninaposikia kuwa mtu mmoja aliweza kuua kwa miaka miwili bila kengele kulia popote, namkumbuka askari yule, na najiuliza ni kaunta ngapi zilizowarudisha akina mama nyumbani kwa sauti ya upole kama ile.

Kuna pia mazungumzo mengine ambayo lazima tuyakomeshe. Mwaka 2024 ulianza kwa vifo vya wasichana wawili waliouawa katika nyumba za kukodi kwa siku, hapa Nairobi, wiki mbili za kwanza za Januari. Kabla hawajazikwa, watu walikuwa wanauliza walifuata nini kule, walivaa nini, walikutana na wauaji wao vipi. Tarehe 27 mwezi huo maelfu ya wanawake waliingia barabarani kulipinga hilo. Miezi sita baadaye magunia yakatolewa Kware, na swali la kwanza la wengine likawa lilelile: walikuwa wanawake wa namna gani? Mheshimiwa, sheria ya mauaji, kifungu cha 203, haina namna. Inasema mtu.

Najua wewe si polisi. Utaniambia upelelezi ni kazi ya Inspekta Jenerali, na hakuna anayeruhusiwa kumwamuru. Yupo anayeruhusiwa, na ni wewe. Katiba, Ibara ya 157(4), inakupa uwezo wa kumwelekeza Inspekta Jenerali achunguze tuhuma yoyote ya jinai, na inamlazimisha atii. Na Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Jinai zinakuruhusu kumwagiza hakimu afungue uchunguzi wa hadharani kuhusu chanzo cha kifo, hata pale ambapo mshukiwa hayupo. Hizo ndizo nyenzo mbili ninazokuomba utumie.

Utaratibu huo si ndoto. Mwaka 2012 msichana wa miaka 21, mama wa mtoto mchanga, aliuawa Nanyuki na mwili wake ukatupwa katika tangi la maji taka la hoteli. Kwa miaka mingi kesi yake ililala. Hakimu aliposikiliza mashahidi hadharani, mwaka 2019, alitamka kwamba aliuawa na kwamba waliohusika ni askari wa Uingereza. Kutoka hapo haikuwezekana tena kusema hakuna kilichojulikana. Septemba 2025 Mahakama Kuu, kwa ombi la afisi yako mwenyewe, ilitoa hati ya kumkamata raia wa Uingereza. Imechukua miaka 13, na hiyo ni aibu. Lakini uchunguzi wa hadharani ndio uliozuia faili ile kuzikwa. Kware haijapata hata huo.

Polisi walitangaza kwamba kati ya Agosti na Oktoba 2024 pekee wanawake 97 waliuawa nchini. Serikali iliguswa. Januari 2025 Rais aliunda jopo la kuchunguza ukatili dhidi ya wanawake, mauaji yao yakiwemo, chini ya aliyekuwa naibu wa Jaji Mkuu. Jopo lilikuwa na wajumbe 42. Nilipoisoma idadi hiyo nilisimama kidogo. Majina ya wajumbe yalichapishwa katika gazeti rasmi la serikali, kila mmoja na jina lake kamili, hakusahauliwa hata mmoja. Hivyo ndivyo dola inavyowatambua watu inaowahesabu.

Kwa hiyo naomba hivi. Mwagize hakimu afungue uchunguzi kuhusu vifo vya Kware, milango wazi, familia zikae mbele. Kitabu cha matukio cha kituo kiletwe. Matokeo ya DNA yasomwe. Afisa aliyepokea ungamo aapishwe na aulizwe. Ripoti ya IPOA iwekwe hadharani. Na mwishoni isomwe orodha.

Kama ni 42, tupeni majina 42. Kama si 42, tuambieni ni wangapi, na nani aliyetupa hesabu ile, na kwa nini.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Embakasi, Nairobi