Tumfundishe Mwenzetu, Hata Akitupita



Kuna jambo linalorudi kila mwaka katika makundi ya parokia zetu, nanyi mnalijua vizuri. Kijana mmoja peke yake ndiye anayejua kupiga kinanda. Siku akisafiri, kwaya inaimba bila kinanda. Mwingine anashika daftari la sanduku la kundi; siku akihamia Lubumbashi kwa masomo, hakuna anayeelewa hesabu aliyoiacha. Watu husikitika na kusema: "Tumepoteza nguzo ya kundi." Sisi tunafikiri kwamba jina hilo la nguzo linamfaa zaidi mtu ambaye, akishaondoka, kazi inaendelea kama jana, kwa sababu alikuwa amekwisha kumfundisha mwingine.

Tumepitisha zaidi ya miaka thelathini katika ualimu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo tuliitumia kando ya walimu wenzetu, hasa wale waliotoka masomoni karibuni. Tuliwasaidia kuandaa fishi ya somo, kupanga ubao, na kuuliza swali linalomfanya mtoto afikiri badala ya kuitikia tu pamoja na darasa zima. Jumamosi tulifanya vilevile na makatekista wa parokia. Ni kazi isiyo na sherehe. Mtoto akishinda mtihani, wazazi humshukuru mwalimu wake, na ni haki yake. Ni nani atakayemkumbuka mtu aliyemfundisha mwalimu huyo kufundisha? Hata hivyo, tangu masomo ya shule za msingi za serikali yalipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, na madarasa kujaa watoto kuliko madawati, tumeona wazi kwamba mwalimu kijana asiye na mwenzake wa kumshika mkono huchoka upesi, na watoto wake ndio wanaolipa gharama.

Yatupasa kukiri kwamba sisi wenyewe hatukuanza vema. Mara ya kwanza tulipokabidhiwa mwalimu wa kusindikizwa, binti mwenye bidii nyingi, tulikaa nyuma ya darasa lake na kusikiliza. Alipokosea katika hesabu ya sehemu, tulisimama, tukachukua chaki mkononi mwake, tukasahihisha ubaoni mbele ya watoto wote. Tulirudi kukaa tukiwa tumeridhika. Siku zilizofuata, kila alipoeleza jambo, watoto waligeuka kwanza kututazama sisi, kana kwamba wanangoja ruhusa ya kumwamini. Mwisho wa juma alitufuata uwanjani, akasema kwa adabu: "Papa, kosa lilikuwa langu, ninakubali. Lakini tangu siku ile darasa si langu tena." Hatukuwa na jibu.

Baadaye tu ndipo tulipoyasoma kwa macho mengine Matendo ya Mitume, sura ya 18. Priska na Akila, mume na mke waliofanya kazi ya kushona mahema, walimsikia Apolo akihubiri katika sinagogi la Efeso. Alikuwa msemaji hodari mwenye moyo wa moto, lakini mafundisho yake yalikuwa na upungufu. Hawakumkatiza mbele ya watu. Walimchukua kando, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, na Apolo akaendelea mbele akiwa na nguvu kuliko kwanza. Ukweli wote ulisemwa, na heshima yake ikabaki nzima.

Tangu hapo tumejizoeza njia rahisi. Kwanza, mwenzako akuone ukifanya kazi. Kisha mfanye pamoja. Halafu afanye peke yake, nawe unyamaze mpaka amalize, ndipo mzungumze wawili. Hatua hiyo ya tatu ndiyo ngumu kwetu wazee, maana mkono unawasha kutaka kushika chaki. Na katika ule mkutano wa walimu tunaouita selula, ambamo mmoja hutoa somo mbele ya wenzake ili wamkosoe, tuliomba jambo moja: mwenye miaka mingi kazini atangulie. Kijana akiisha kuona somo la mzee likikosolewa, na mzee akiandika masahihisho bila kukasirika, naye atasimama bila kutetemeka.

Lakini tunajua neno mnalolisema mioyoni, maana tumelisikia mara nyingi: "Katika nchi ambamo kazi ni chache hivi, nikimfundisha mwenzangu si nitakuwa ninampa mkate wangu?" Hatulichukui kama neno la kipumbavu. Tulimwona fundi mzee wa karakana moja aliyemfundisha kijana yote aliyoyajua, kisha mwenye karakana akamfukuza yule mzee kwa kuwa kijana alikubali mshahara mdogo. Huo ni udhalimu, na dhambi yake iko juu ya mwajiri. Mwaka 1981 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya kazi ya mwanadamu, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Vijana wakristu wanaokuwa wakubwa wa kazi kesho wakumbuke hayo.

Kwa hiyo hatuwaahidi kwamba anayefundisha wenzake hatapoteza kitu. Mwenye heri Isidori Bakanja, kijana wa nchi yetu aliyebatizwa mwaka 1906, hakuwa padri wala mwalimu wa shule. Alikuwa mfanyakazi, na aliwafundisha sala wafanyakazi wenzake palepale kazini. Mkubwa wake wa kazi alichukia imani hiyo na skapulari aliyoivaa, akaamuru apigwe kwa mjeledi, na vidonda vyake vikamwua mwaka 1909. Alijua mahali pale palikuwa pa hatari, wala hakuyaficha aliyopewa.

Kwetu sisi gharama ilikuwa ndogo zaidi, nayo ilituuma hata hivyo. Mwalimu mmoja tuliyemsindikiza tangu siku zake za staji aliwekwa kuwa direkta wetu. Tulimpongeza mbele ya watu. Usiku ule hatukulala vizuri. Wivu wa mwalimu kwa mwanafunzi wake ni aibu, na tuliupeleka katika kitubio. Aliyetuponya ni Barnaba. Yeye ndiye aliyekwenda mpaka Tarso kumtafuta Saulo na kumleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Mwanzoni Maandiko yanawataja Barnaba na Saulo. Sura chache baadaye yanawataja Paulo na Barnaba. Hatuoni popote kwamba Barnaba alilalamika kwa kutajwa wa pili. Na Marko, kijana aliyewaacha safarini, Paulo alipomkataa, Barnaba ndiye aliyemchukua tena. Katika barua yake ya pili kwa Timoteo, Paulo mwenyewe anaomba aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Barnaba hakutuachia hata barua moja tunayoisoma katika Agano Jipya chini ya jina lake. Alituachia watu.

Tunawaomba basi neno moja kabla ya mkutano wenu ujao. Kila mwenye kazi katika kundi, awe anashika daftari, ngoma, kinanda au mafundisho ya watoto, ataje jina la mwenzake mmoja atakayeanza kumfundisha juma hili, na aanze kwa kumwacha ajaribu, akosee, na kusahihishwa kando. Msimchague anayewasifu, wala msimwache nyuma yule aliyewahi kuwaangusha.

Yule direkta sasa huwatuma kwetu walimu wapya, nasi tunakaa tena nyuma ya darasa, mikono magotini. Mungu awabariki.